Kutumwa Moto kwa Dani

Enzi zetu huko Magunga, siku ilianza kwa kutumwa moto. Hata uso hujaosha, Mama keshaita, "Atieno, kimbia kwa Dani ulete moto!" Dani ni nyanya yetu, mamake Baba, na nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya shamba la mtama. Nilibeba kigae cha kutilia makaa, nikapita kwenye umande uliolowesha sketi, huku nanung'unika. Lakini kwa Dani hakuna aliyeondoka na moto tu. Ulisalimu kwanza, ukaulizwa umeota nini, ukapewa nyoyo ya jana, mahindi na maharagwe yaliyolala chunguni, matamu kuliko keki za siku hizi. Ulimfungulia kuku, ukamshika mkono akainuka. Ukirudi nyumbani, Mama hakutazama makaa. Aliuliza, "Dani ameamkaje? Amekula?"

Siku moja niliona kiberiti kimejaa njiti nyuma ya mtungi. Nikahamaki, kumbe nateswa bure! Mama akacheka. "Kiberiti kitaniambia Dani ameamkaje?"

Dani alifariki akiwa mzee sana, na sidhani kuna siku alikula peke yake.

Sasa Mama ndiye mzee wa boma, na Baba alishatangulia. Mimi niliolewa Oyugis, na ndugu yangu Ochieng' ana duka Suna. Tulijitahidi kama watoto wema. Tukamletea jiko la gesi, tangi la maji, taa za sola na runinga, tukazungusha ua wa mabati wenye geti. Kila alichokuwa akikifuata kwa jirani tukakiweka ndani. Majirani wakaona mama wa watu amejitosheleza, wakaacha kupita. Wajukuu wakija Krismasi huzunguka uani wakitafuta netiweki kama kuku anayetafuta pa kutagia, na wakiipata huwasalimu watu wa dunia nzima isipokuwa nyanya yao.

Juzijuzi Auma, jirani yetu, akanipigia simu. "Dada, si eti nalalamika. Lakini mamako anakujanga kuniomba chumvi kila asubuhi. Kwani nyinyi hamumnunuliangi?"

Ochieng' aliposikia alichemka. Mama anatuaibisha, akasema, watu watadhani tumemtupa. Akataka nikamkanye. Nilifunga safari nikiwa nimeshapanga maneno. Nikamkuta Mama ameketi mlangoni, amekonda, chai imepoa kando yake, runinga inajisemea yenyewe ndani. Nikafungua kabati la jikoni. Pakiti za chumvi zimejipanga, hata moja haijakatwa. Maneno yote yakaniishia, nikalia palepale jikoni.

Nilipokwenda kwa Auma nilimwambia, "Usimnyime. Akija mkalishe, mpe uji."

"Uji nampatianga kila siku," akajibu. "Lakini goti lake limekwisha, dada. Jana alifika akitetemeka. Siku akishindwa kufika, si atakaa tu huko ndani?"

Nilimpigia Ochieng' nikamweleza niliyoyaona kabatini. Wiki hiyo akaja mwenyewe, akang'oa geti na mabati ya upande wa kwa Auma, akawaambia wanawake wa pale waje wachote maji ya tangi bila kubisha hodi. Wanakuja asubuhi na jioni. Wengine husahau ndoo na kuketi.

Juzi nilipompigia Mama nilisikia vicheko nyuma yake. "Atieno, nina watu hapa, nitakupigia," akakata simu. Sijawahi kufurahia kukatiwa simu namna hiyo.

Lakini huzuni haikukawia. Zamani mzee alitafutwa kukikucha na hakuna aliyelipangia mkutano jambo hilo, lilikuwa kazi ya mtoto kabla ya shule. Sisi imetubidi kubomoa ua. Na wanangu nimewalea mjini, nyuma ya geti la chuma. Hapa Oyugis jirani yangu wa ukutani simjui hata jina. Nikizeeka, chumvi nitaomba kwa nani?