Ubao wa Chini ya Magunia

Mwaka huu sikulima. Miguu imekataa, na watoto wote wako mjini. Gunia la mwisho la mpunga lilipoisha, niliinua ule ubao wa kuzuia unyevu ili nifagie. Upande wa chini nilikuwamo mimi.

Marehemu mume wangu alichora mabango ya maduka hapa Ifakara. Rangi ikibaki, anachora apendacho. Hapo alinichora nimesimama juu ya dungu, shambani kwetu Mbingu, nafukuza ndege, mdomo wazi.

"Umenifanya kifaranga anayengoja mdudu," nilimwambia siku ile. "Sitaki kuiona picha hii ukutani."

"Mama watoto, ndege wakiiona hii watahama bonde zima."

Baadaye sikuiona tena, nikajua ameigawa. Kumbe aliigeuza tu, akapanga magunia juu yake.

Nimeitundika mbele ya mkeka ninapokula. Siku hizi kunakucha na kunakuchwa sijasema na mtu. Jana nilipakua wali wa mchele wa dukani, nikamtazama yule mwanamke, nami nikapaza sauti kama yeye: "Hoo! Tokeni!"

Kuku walitawanyika uani. Hakuna mtu aliyekuja kuuliza kuna nini.