Shoga Yangu na Mkutano wa Chanjo

Miaka ile ya soko huria, kila mwenye meza Kariakoo alijiita mfanyabiashara, nami nilikuwa na meza ya vitenge. Meza ya pili ilikuwa ya shoga yangu, mtu wa Lindi, mnene na mwepesi wa ulimi. Aliuza chupa za chai.

Mchana mmoja gari la matangazo lilipita likisema kwamba ukumbini kutakuwa na mazungumzo kuhusu utafiti wa chanjo ya ukimwi, watu wote wanakaribishwa, na vinywaji vipo. Shoga yangu alisikia neno moja tu.

"Tunaenda," akasema.

Tulimwomba Mhindi mwenye duka, ambaye tulipanga meza zetu barazani kwake, atuangalizie mali.

"Nendeni," alisema. "Mkikuta sambusa za viazi, mnikumbuke. Za nyama kuleni wenyewe."

Mzungumzaji alikuwa daktari kijana mwenye miwani. "Shikamooni wazazi wangu," alianza. Tukaitikia marahaba, hata sisi tuliomzidi miaka mitatu. Akaeleza kwamba chanjo huufundisha mwili kumtambua adui kabla hajaingia, ila virusi hivi ni vijanja, havitulii. Leo umevijua sura, kesho vimegeuka.

"Kama mume wangu wa kwanza!" shoga yangu akadakia. Ukumbi mzima ukacheka, na daktari naye akacheka.

Kisha akasema kuwa katika majaribio, baadhi ya watu huchomwa chanjo na wengine maji ya chumvi tu, na hakuna anayejua kapata nini, hata anayechoma. Muuza redio mmoja akasimama.

"Daktari, hiyo sisi tunaiita feki. Tukiuza, tunakamatwa."

Daktari alivua miwani, akaifuta. "Tofauti, mzee wangu, ni kwamba mimi nimekwambia kabla hujachukua." Alipigiwa makofi mpaka madirisha yakatetemeka.

Wakati huo mama wa vinywaji alipita mlangoni na kreti. Soda ya shoga yangu ilikuwa imekwisha, akanyoosha mkono juu kabisa ili aonekane. Na daktari alikuwa ndiyo kwanza ameuliza: "Nani yuko tayari apimwe, tuone kama anafaa kushiriki?"

Makofi yakaanza upya.

"Wanashangilia nini?" alininong'oneza.

"Umejitolea."

"Nimejitolea nini?"

Ningeweza kusimama nikasema ukweli. Badala yake nilipiga makofi kuliko wote.

Kwa kiburi chake, hakuushusha ule mkono. Wiki iliyofuata nikamsindikiza kliniki, dhamiri ikinisuta. Aliwauliza maswali kama anayenunua dhahabu. Je, sindano yenyewe inaweza kumwambukiza? Muuguzi akamjibu hapana, haina virusi hai wala vilivyokufa. Je, akichomwa ndiyo amekingika? Hapana pia, ndiyo kwanza wanatafuta kujua, kwa hiyo tahadhari zake ziendelee vilevile.

Ila kwanza apimwe damu. Akanyoosha mkono, safari hii polepole. Tukiwa tumekaa kwenye benchi tunasubiri majibu, aliniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema sokoni. Dada yake, ambaye sote tuliambiwa kafa kwa kifua kikuu, alikuwa na ukimwi. Siku hizo watu walisema "kakanyaga waya" huku wakigeuza uso, kwa hiyo familia nzima ikakubaliana kusema kifua.

"Tangu tumzike sijathubutu kupima," alisema. Nikamshika mkono.

Majibu yakatoka: hana virusi. Alilia, akacheka, akamkumbatia muuguzi. Kisha wakampima presha, ikawa juu mno, wakamwambia kwa upole kwamba hawezi kushiriki.

"Nimewapa mwili wote huu, mnaukataa!" aliwafokea. Njia nzima alinuna.

Lakini kesho yake alianza kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Mteja akija kuuliza chupa ya chai, anaelezwa kwanza chanjo ni nini, kisha anasimuliwa habari za dada, kwa sauti ya kawaida, bila kuficha ugonjwa. Wengine waliondoka haraka. Wengine walivuta kigoda.

Siku moja, wateja wamejaa, akanigeukia.

"Na wewe, mpiga makofi, umepima?"

Wote wakanitazama. Nilijifanya nakunja kitenge. Jumatatu nilikwenda, na yeye ndiye aliyenishikia mkoba.