Jina Langu Lilisoma Bila Mimi

Ningekuwa mtu wa kusamehe haraka, nisingeandika haya. Lakini mimi ni fundi wa cherehani, na mshono uliokwenda upande hausahauliki hata nguo ikichakaa.

Kibanda changu kiko Malaba, upande wetu wa Kenya, karibu na pale malori yanaposimama foleni siku nzima yakisubiri kuvuka. Nashona sare za shule. Januari na Mei sina muda hata wa kula. Wasichana kadhaa wamejifunza kazi mikononi mwangu, na wengine sasa wana vibanda vyao Busia na Chakol. Siku moja msimamizi wa chuo cha ufundi cha hapa karibu alikuja kupima suruali, akanikuta nikimfundisha msichana kukata kola. Alisimama pale mpaka nikamaliza, akaniuliza kama ningependa kuwa mwalimu chuoni kwake.

Nikasema ndiyo kabla hajafunga mdomo.

"Basi sawa, fundi," akasema. "Wewe lete tu cheti ya form four."

Sikuwa nacho. Nilikuwa na miaka arobaini na sita na masomo yangu yaliishia darasa la nane. Nilijua kufundisha kola, mfuko wa ndani na zipu iliyofichwa, lakini karatasi moja ilikuwa imesimama mlangoni. Nikaamua kuifuata. Nilijiunga na ngumbaru, masomo ya watu wazima, katika darasa la shule ya msingi baada ya watoto kwenda nyumbani. Madawati yale si ya watu wenye makalio kama yangu. Majirani walinitania wee, wakauliza kama natafuta mume mwalimu. Niliwajibu kwamba ninaye mmoja nyumbani na hata huyo ananishinda kulisha. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu utotoni, na sioni haya kuisema. Hesabu zilinirudia upesi. Kiingereza kilikawia, lakini nacho kikaja.

Mwaka wa pili ulipoanza, mwalimu wetu wa ngumbaru akatuambia tujiandikishe kwa mtihani wa kidato cha nne. Kila mtu alete cheti chake cha darasa la nane. Mimi changu sikuwahi kukichukua. Nilikuwa nimeanguka, na nani huenda kuchukua karatasi ya aibu yake mwenyewe?

Lazima nieleze nilivyojua kwamba nilianguka.

Dada yangu alinizidi miaka mitatu. Mguu wake wa kushoto ulipooza alipokuwa mdogo, ukabaki mwembamba na mfupi kidogo. Alirudia madarasa mara nyingi mpaka nikamkuta, tukafanya mtihani wa darasa la nane pamoja, dawati langu nyuma ya lake. Baada ya mtihani, mama alinipeleka kwa shangazi yangu kule Sio Port, ziwani, nikamsaidie kuanika omena, wale dagaa wadogo. Niliona ni likizo. Majibu yalipotoka mama alifika mwenyewe, akanikuta nikigeuza omena kwenye nyavu, mikono inanuka. Akasema, "Umeanguka. Dada yako amepita."

Nililia kidogo, nikaendelea kugeuza omena. Niliporudi kwetu Chakol dada alikuwa ameshakwenda shule ya bweni upande wa Marachi, kwa Waluhya, ambako hatukuwa na ndugu hata mmoja. Akatoka huko akawa mwalimu. Leo ni naibu wa mwalimu mkuu katika shule moja karibu na Busia. Na mimi nilijivunia dada yangu. Cherehani yangu ya kwanza alininunulia yeye alipoajiriwa. Nilimwombea kila Jumapili, kwa magoti.

Nguo zake zote nimeshona mimi. Hakuna fundi mwingine anayeziweza, kwa sababu ya mguu. Nyonga yake inalala upande mmoja, kwa hiyo pindo la sketi huning'inia kushoto. Siri yangu ilikuwa kupunguza inchi moja upande huo. Akisimama mbele ya watoto gwarideni, sketi imekaa sawa, na mgeni asingejua lolote mpaka atembee.

Basi nilikwenda katika shule yetu ya zamani kutafuta cheti changu cha kuanguka. Mwalimu mkuu wa sasa ni kijana mpole. Aliniuliza mwaka na jina la ubatizo, akafungua kabati, akatoa kitabu kikubwa ambacho watu huandika majina na kutia saini wanapochukua vyeti. Akapitisha kidole.

"Hii jina ilishachukua, mama. Kitambo sana," akasema. "Si hii ni saini yako?"

Akanigeuzia kitabu. Jina lilikuwa langu. Mbele yake palikuwa na alama, na alama hizo hazikuwa za mtu aliyeanguka. Zilikuwa za tatu kwa wingi katika ukurasa wote. Saini ilikuwa na ule mkia mrefu ambao dada yangu huuvuta chini ya jina, nao nimeuona kwenye kadi za Krismasi maisha yangu yote. Mstari wa juu ulikuwa na jina lake mwenyewe, alama chache kabisa, na nafasi ya saini tupu. Hakuna aliyewahi kukijia kile cheti.

Na pembeni mwa jina langu, kwenye nafasi ya mzazi, palikuwa na alama ya kidole gumba cha wino, yenye mstari mweupe ukikipasua katikati. Mama yangu alijikata kidole hicho akimenya muhogo kabla mimi sijazaliwa. Kovu hilo nimelishika nikiwa mtoto, nimelicheza, nimelilalia.

"Labda nilichukua nikasahau," nikamwambia mwalimu mkuu. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani nilikuwa naficha aibu ya watu wangu hata kabla sijajua ukubwa wake.

Njiani mambo yakaanza kunijia moja moja. Sanduku la bati la dada la shuleni, ambalo wakati wa likizo lilikaa daima upande wa jina umegeuzwa ukutani. Harusi ya kanisani aliyoikataa, akisema hataki watu wamtazame akichechemea katikati ya waumini. Kumbe padri angelisoma jina kwa sauti. Simu yake iliyoandikishwa kwa jina la mumewe, ili nikimtumia pesa jina langu lisitokee. Siku nilipokwenda kuchukua kipande, yaani kitambulisho, mama alinifuata mpaka kwa chifu, akasema jina la nyumbani na la baba yanatosha, haya majina ya kizungu hayana haja. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ninayeshinda nikipekua nguo za watu sikuwahi kuipekua yangu.

Nilimkuta mama uani akibambua njugu. Kwa Kiteso mama huitwa toto, na Waswahili wakitusikia hucheka, mtu mzima anamwita ajuza toto. Siku hiyo sikumwita chochote. Nilikaa, nikauchukua mkono wake, nikakigeuza kile kidole juu.

Hakuuliza nataka nini. Aliuliza, "Nani amekuonyesha?"

"Kwa nini?" nikasema.

Alirudisha mkono wake kwenye njugu. Kisha akasema bila kuinua sauti, "Wewe Mungu alikupa kichwa na miguu miwili. Yeye hakuwa na kichwa wala mguu. Jembe asingeweza. Angekula nini mimi nikifa? Nilichukua kimoja chako nikampa."

"Hukuniuliza."

"Ungekubali?"

Mpaka leo nalifikiria swali lile, na linaniudhi kuliko yote, kwa sababu nilikuwa mtoto wa miaka kumi na minne niliyempenda dada yangu na huenda ningekubali. Lakini wangeniuliza! Wangeniacha nijue kwamba nilipita. Miaka zaidi ya thelathini nimejiita mjinga. Mtu akinidhulumu nilisema moyoni, haya, ndiyo malipo ya kutojua kitu. Nilimpa mume wangu barua zote azisome yeye kwanza. Hilo ndilo waliloniibia. Shule ilikuwa sehemu yake tu.

"Si umeishi?" mama akasema. "Si una kazi yako?"

Nikaondoka.

Dada alikuwa ameniletea kitambaa cha sketi wiki iliyotangulia, kijivu kizuri, kwa ajili ya siku ya wazazi shuleni kwake. Niliishona. Niliishona vizuri, bitana, zipu, kila kitu, ila pindo nililikata sawa pande zote mbili, jinsi ninavyomkatia mtu yeyote. Nikamtumia kwa bodaboda. Nasikia aliivaa bila kujipima, akasimama mbele ya wazazi sketi imelala kushoto, watu wakatazama mguu wake asubuhi nzima. Naona haya kwa jambo hilo, lakini si nyingi.

Aliuelewa ujumbe. Jumamosi alikuja kibandani, akangoja wateja waondoke, akaketi kwenye kiti cha wanafunzi wangu. Kwenye karatasi za kazini ana umri wangu, yaani mdogo kwa miaka mitatu, na siku zote alijipamba mpaka umri huo ukamkaa. Siku hiyo alionekana mzee.

"Ulijua kwamba umechukua cheti changu?" nikamuuliza. "Ulijua tangu mwanzo?"

"Mama aliniambia nikiwa nimeshavaa sare," akasema. "Cheti nilikitilia saini baadaye. Nilitaka kukuambia nikimaliza form four. Halafu nikasema nikipata kazi. Halafu watoto wakaja."

"Kumbe cherehani ilikuwa ya kunifunga mdomo."

"Hapana. Ilikuwa ya kukuomba msamaha. Sikujua njia ingine."

Akalia. Mimi nilikanyaga cherehani, nikashona kitambaa ambacho hakikuwa na kazi, ili nisimsikie. Alipotulia akaniambia alilokuja kusema. Cheti chake mwenyewe bado kiko kabatini. Nikichukue hicho, nijiandikishe kwa namba yake.

"Zile ni alama za kuanguka," nikasema.

"Kwa mtahiniwa wa nje hawaangalii alama. Wanataka tu cheti."

"Na jina?"

"Wakili ataandika kiapo. Utaapa kwamba jina lile na la kipande chako ni mtu mmoja."

Alikuwa amefikiria kila kitu. Mwalimu ni mwalimu. Nilipiga hesabu yangu pia. Ningekwenda ofisi ya elimu kudai cheti changu, dada angefukuzwa kazi, huenda akafungwa, na mama kwa umri wake angeitwa kueleza kile kidole. Mtihani wa darasa la nane umekwisha kufutwa nchini, kwa hiyo hata kuufanya upya nisingeweza. Zilibaki wiki mbili tu za kujiandikisha. Na mimi nilikuwa naitaka shule. Nawaambia ukweli, hasira yangu ilikuwa kubwa lakini niliitaka shule kuliko nilivyotaka haki. Wao walilijua hilo, na ndiyo maana walikuja na mpango badala ya toba.

Mwalimu mkuu wa shule yetu ya zamani alikuwa ameshazungumza na dada. Walimu wanajuana. Hakuniuliza mbona wiki ile nilikuja na jina lingine. Alinisukumia kitabu, akageuka kutazama watoto uwanjani. Nikatia saini kwenye nafasi tupu, jina la dada yangu. Nililiandika bila mkia. Mama alikuwa amekuja nami. Akapaka wino, akakandamiza kidole pembeni, na ule mstari mweupe ukatokea tena, chini kidogo ya ule wa zamani. Kisha akajifuta kidole kwenye kanga na kuniuliza kama tutapitia sokoni.

Tangu hapo ngumbaru wananiita kwa orodha ya mtihani. Mwalimu akisoma jina la dada, mimi hujibu, "Nipo." Wenzangu hawakuuliza, kwao mimi ni fundi tu. Lakini kila ninapojibu najua kwamba sasa nami nimeshika kisicho changu, na siwezi tena kumwita mtu mwizi bila kusita.

Juzi yalisomwa majibu ya mtihani wa majaribio. "Wa kwanza," akasema mwalimu, akataja jina la dada yangu. Watu wakapiga makofi, wakapiga madawati. Nilipiga nami. Nikageuka nione ni nani anasimama, mpaka jirani yangu akanisukuma kwa kiwiko, "Si wewe, fundi! Simama!" Wakacheka sana. Nikasimama.

Jumapili nilikwenda kumtazama mama. Alikuwa amesikia kwamba majibu yametoka. Alinipa kiti, akanipa uji, akangoja ninywe, halafu akashindwa kungoja.

"Mwanangu, umepata ngapi?"

Nikaweka kikombe chini.

"Nimeanguka," nikamwambia. "Dada yangu amepita."

Alinitazama, kisha akaitazama mikono yake. Nikamaliza uji wangu.