Ndizi za Bibi Zilizopikwa Mpakani

Ndizi zikiungua sufuriani, wengine hukimbilia kufungua madirisha. Mimi husogea karibu. Harufu ile, tamu kidogo na chungu kidogo, ikichanganyika na mawese, hunirudisha Kobero, mpakani mwa Muyinga na Tanzania, nikiwa mtoto wa darasa la nne mwenye kiherehere na viatu vya kuazima.

Mwaka huo Babu alifariki, na Bibi akaacha kula. Si kwamba aligoma. Alimega ugali, akautazama, akaurudisha sahanini. Nyumbani kwetu Mutaho, mkoani Gitega, majirani walileta maharage, wakaleta mboga za lengalenga, hata nyama, naye akawashukuru wote kwa sauti ndogo. Alikonda mpaka tukaogopa kumtazama. Siku moja akamwambia Mama, ambaye alikuwa mkamwana wake, kwamba labda angeweza kula ndizi za mgomba wake wa Ngara. Aliupanda kwa mikono yake wakati familia ikiishi huko Tanzania, kabla ya kurudi Burundi, na sasa ulitunzwa na shangazi yangu aliyeolewa kulekule. Likizo ilipofika, Mama akanichukua tukaenda.

Shangazi alitukatia mkungu mzima wa ndizi mbichi. Akaufunika kwa majani ya mgomba na kuukaza kwa kamba za mgomba, kama tulivyofanya siku zote, maana kwetu zawadi isiyofungwa vizuri ni kama kitu cha kuokota. "Mkono mtupu haulambwi," alisema, kana kwamba kuna mtu aliyembishia.

Pale Kobero, afisa wa kukagua mimea, kijana mpole mwenye miwani, aliugusa mzigo wetu kwa ncha ya kalamu.

"Mama, pole. Hizi ndizi haziwezi kuingia. Iko ugonjwa wa migomba, inakausha shamba yote. Na haya majani ndiyo mabaya zaidi."

"Ni za mgonjwa, baba," Mama akasema.

"Naelewa, Mama. Lakini vitu vibichi, hapana."

Nilianza kulia palepale. Niliamini kwa moyo wangu wote kwamba Bibi asipozipata ndizi zile atamfuata Babu. Mama hakulia wala hakubembeleza. Alikuwa mtu wa namna hiyo: ukimfungia mlango, anauliza dirisha liko wapi.

"Vibichi hapana," akarudia polepole. "Na vilivyopikwa?"

Kijana akafikiri, kisha akacheka. "Ah, zikipikwa, ça va. Lakini pikia hapa, nikiona. Maganda na majani tunachoma."

Kando ya barabara palikuwa na Mama Furaha, Mkongomani wa Uvira aliyekuwa akikaanga mandazi. Alikuwa amesikia kila neno, na ndivyo wachuuzi wa mpakani walivyo. "Dada, mi niko na mbabula hapa, moto iko!" akaita, akilisogeza jiko lake la makaa. "Lete hizo ndizi. Mawese pia iko."

Basi Mama akaketi akamenya, na maganda yakaenda shimoni kuchomwa pamoja na majani na kamba. Tatizo ni kwamba chakula kinachopikwa njiani kina wenyewe wengi. Kwetu huwezi kufunika sufuria mbele ya mtu anayetazama, kwa hiyo kila aliyesogea alionjeshwa. Dereva mmoja wa lori alisema hapana kwa mdomo na ndiyo kwa mkono. Mimi niliitazama sufuria ikipungua huku roho ikiniuma. Mama na Mama Furaha walishikwa na mazungumzo, na waliposhtuka, ndizi za chini zilikuwa zimeungua; ndizo zilizobaki, tukazibeba hivyohivyo.

Nilimchukia sana afisa yule siku hiyo. Miaka mingi baadaye nililiona shamba moja huko Giteranyi lililopigwa na ugonjwa ule, migomba imenyauka, ndizi zikioza ndani zingali changa, na mwenye shamba amekaa tu. Tangu hapo namwombea kijana yule mema popote alipo.

Tulifika Mutaho jioni. Mama akazipasha ndizi moto, akampelekea Bibi kitandani. Bibi akatia kipande mdomoni, akatafuna, nasi mlangoni tukimtazama. Akakunja uso.

"Yoo! Nani amepika hizi? Zimeungua! Ndizi zangu mtu anazifanya makaa? Nipisheni, nipike mwenyewe!"

Akashuka kitandani, akakaza kitenge chake, akaenda jikoni akinung'unika, sahani mkononi, akitafuna njiani.

Mama akatoka nje. Nilimkuta nyuma ya nyumba, analia. Niliona uchungu mno. Nikamwambia kwamba Bibi hana shukrani, na kwamba safari ijayo aende kuzipika mwenyewe huko mpakani. Mama akanivuta karibu. "Nyamaza, mwanangu," akasema. "Msikilize."

Nikasikiliza, nikasikia mwiko ukigonga sufuria, na Bibi akigomba. Ilibidi nikue, niolewe, nimuuguze mtu wangu aliyekuwa ameacha hata kulalamika, ndipo nikajua Mama alikuwa akilia kwa furaha. Mtu anayegombana na chakula ana mpango wa kula tena kesho.