Sifuri ya Mama Ipyana

Nauza mchele eneo la Kwa Mathias, na mteja wangu msumbufu kuliko wote ni Mama Ipyana. Kabla sijapima, anainama kuutazama mshale wa mzani. "Nuria, sifuri iko wapi?" Kila siku! Wenzangu wamembandika jina, Mama Sifuri. Siku moja nikamjia juu: "Kwani mimi mwizi, mama?"

Hakukasirika. Alikaa juu ya gunia akanieleza, na tangu siku hiyo nimekoma kumtania.

Alikuwa nesi wa zahanati moja huko Maneromango, upande wa kliniki ya watoto. Mfuko wa kupimia ulichanika zamani, kwa hiyo mtoto alining'inizwa kwenye mzani kwa kanga ya mama yake. Utaratibu ni kutundika kwanza kanga tupu, kurudisha mshale kwenye sifuri, ndipo umtie mtoto. Foleni ikiwa ndefu, hatua hiyo aliiruka.

Zena alimleta bintiye Firdausi. Mwezi wa kwanza kadi ilisoma kijivu, rangi ya uzito pungufu. Miezi mitatu iliyofuata, kijani kitupu, mtoto anaendelea vizuri. Mwezi wa tano akafariki kwa utapiamlo.

"Nilipima nguo, Nuria," aliniambia. "Nikaandika kwamba ni mtoto."

Tangu hapo haamini kipimo chochote. Alisikia redioni kwamba kilo ya dunia nzima ilikuwa chuma kimoja kilichofungiwa Ufaransa, kikaonekana hakilingani tena na nakala zake, wataalamu wakaachana nacho. "Sasa mimi nilikuwa napima kwa kitu gani?" Halafu akanong'ona kwamba mzani wowote ukikwaruza, hata mchana kweupe kama huu, anamsikia Firdausi analia. Jamani! Usiku ule hata mzani wangu niliufunika gunia.

Miaka tisa alitaka kumwomba radhi Zena, akashindwa. Nikamuuliza Zena anaishi wapi siku hizi.

"Soga. Ameolewa upya."

Soga! Pua na mdomo! Nikafunga duka nikamburuta.

Tulimkuta Zena uani anamenya mihogo. "Shikamoo, nesi," akasema, kisu mkononi.

Mama Ipyana alipiga magoti mchangani akasema yote, kanga, mshale, foleni, huku analia kwa sauti. Mimi nilitazama chini kwa uchungu.

Zena alikiweka kisu chini.

"Inuka, nesi. Ule mwezi wa kwanza ulinisema mbele ya wenzangu wote. Eti mtoto amekonda kwa sababu mimi mvivu wa kupika. Nikaona aibu. Ndipo kila kliniki nikawa namkunjia kitenge kizito ndani ya ile kanga, kilo zipande."

"Ulijua anaumwa?"

"Nilijua. Nilikuogopa wewe."

Mama Ipyana hakuinuka.