Fundi wa Kofia za Kozi

Mwaka wa 1911 nilitoka Malindi kwa meli hadi Maskati, kumwuzia ngozi za mbuzi wa Ganze fundi aliyeshona kofia za kuwaziba macho kozi, wale ndege wa kuwindia. Alikuwa na vidole vinene, kucha amezikata hadi karibu na nyama. Kila kofia aliyoimaliza alikivisha kidole gumba, akafumba macho, akaizungusha taratibu, na akihisi fundo la uzi ndani yake alifumua kazi yote. Alizungumza kwa sauti ya chini kama anayeogopa kumshtua ndege, ingawa dukani hamkuwa na ndege hata mmoja.

Ngozi zangu alizipapasa vivyo hivyo, mpaka akafika kwenye ile ambayo tundu lake nililiziba kwa nta kabla ya safari. Kidole kikasimama.

"Bwana Kurbanali," akasema, "hii nta uliiona?"

"Sikuiona," nikajibu.

Akafumbua macho, akanitazama. "Ndege hawezi kuniambia kinachomkwaruza jicho. Ndiyo maana namuuliza aniuziaye."

Hakugomba. Aliikunja ile ngozi, akaiweka kando polepole, kisha akanimiminia kahawa kwa heshima ile ile aliyonipokea nayo. Maneno ya kumwomba radhi nilikuwa nayo mdomoni. Nilichosema ni kwamba meli yangu inaondoka, na meli haikuwa ya kuondoka mpaka keshokutwa.