Gundi Kwenye Boneti

Niliagiza gari kwa sababu ya baba yangu. Kiharusi kilimpiga upande wa kushoto msimu wa kupanda mahindi, na daktari akasema lazima aletwe Kakamega mara mbili kwa wiki kufanyiwa mazoezi ya viungo. Nyumbani ni Shianda, mbali kidogo na lami. Matatu hazikumtaka. Kondakta akiona mzee anashikiliwa kwapani, anagonga bodi na dereva anaondoka. Basi kaka yangu akawa anampandisha kwenye bodaboda, kisha yeye mwenyewe anakaa nyuma yake na kumkumbatia kifuani, wakaenda hivyo, wamebanana watatu, hadi hospitali.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa mjini. Mwalimu mwenzangu alinielekeza kwa wakala aliyemletea gari lake kutoka Japani, mwanamume wa makamo, msafi wa mavazi, anayefungua na kufunga kila simu kwa jina la Mungu. Alinitumia picha za gari kabla halijapakiwa melini: boneti, viti, injini, hata mita ya kilomita. Niliziangalia picha hizo mara nyingi kuliko nilivyoangalia picha za watoto wangu.

Meli ilifika Mombasa, wakala akanipongeza. Kisha zikaanza sababu. Mara ukaguzi haujakamilika, mara karatasi imekosa mhuri, mara mtandao umeanguka. Wiki ya kwanza ikaisha, ya pili, hadi ya tano.

Katikati ya wiki hizo, Alhamisi moja, mguu wa baba uliegemea ekzosi ya pikipiki kutoka Shianda hadi mjini. Ulikuwa ule mguu uliopooza, kwa hiyo hakuhisi kitu. Mhudumu wa mazoezi ndiye aliyegundua, alipomvua soksi na ngozi ikatoka nayo. Nilimpigia wakala nikiwa nimesimama pale pale nje ya chumba cha mazoezi. Nilimweleza kila kitu, hata ile harufu. Nilimsihi. Akasema, "Pole sana, Mwalimu. Gari yako naiona hapa kwa kompyuta, iko kwa yadi ya bandari, haijaguswa. Tuzidi kuomba."

Nami nikaomba kweli. Nilipiga magoti nikaombea gari lifunguliwe. Nikikumbuka hilo hadi leo mashavu yananiwaka.

Gari lilikuja Jumamosi asubuhi, wakala mwenyewe akiliendesha. Lilikuwa limeoshwa likang'aa, na jirani yangu akapiga vigelegele kwenye ua. Wakala aliteremka na fomu ya mapokezi iliyokwisha kujazwa, iliyobaki ni sahihi yangu tu. Alinipa na kalamu. Nilimwambia asubiri, kuna fundi nimemwita alikague. Akacheka kwa upole, akasema gari lililotoka tu melini halihitaji fundi.

Fundi huyo ni mzee mwenye karakana kando ya barabara, mtu wa maneno machache. Alisoma namba ya chasisi, akailinganisha na karatasi, zikaafikiana. Alifungua boneti, akaniomba simu aone zile picha. Betri ya kwenye picha ilikuwa mpya. Iliyokuwa ndani ya gari ilikuwa kuukuu, imeota ukungu mweupe kwenye vichwa vyake. Kwenye buti hapakuwa na tairi la spea wala jeki. Wakala akasema hayo ni mambo ya bandarini, vitu hupotea.

Kisha fundi akafunga boneti, akaipapasa kwa kiganja polepole. Akaniita nami niiguse. Kulikuwa na mistari miwili inayonata, inaanzia katikati ya boneti na kupanda kuelekea vioo vya pembeni, mmoja kushoto na mwingine kulia.

"Hii ni gundi ya selotepu," alisema. "Hapa palifungwa riboni. Mwalimu, gari hii imebeba bibi harusi."

Niliingia nikawasha gari, nikalinganisha mita na ile ya kwenye picha. Nikatoa kilomita za kutoka Mombasa hadi hapa, nikatoa na za ziada kwa kupotea njia, bado zikabaki karibu elfu mbili. Fundi naye alikuwa ameinua zulia la nyuma. Alinikabidhi karatasi iliyokunjwa. Ilikuwa ratiba ya harusi, na tarehe yake ilikuwa ya Jumamosi iliyofuata ile Alhamisi ya mguu wa baba. Siku mbili tu baada ya mimi kumlilia kwenye simu.

Nilimwonyesha wakala. Aliitazama muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma karatasi.

"Gari ikikaa bila kuwashwa inaharibika," akasema hatimaye. "Na si imefika, lakini?"

Mkono wangu uliinuka wenyewe. Niliurudisha nikaufungia kwenye mfuko wa sweta. Nikamwambia aingie nyuma, sitii sahihi mahali popote. Nadhani alifikiri tunaenda polisi. Fundi akakaa mbele, nikaendesha moja kwa moja hadi Shianda.

Nilitaka aaibike. Huo ndio ulikuwa mpango wangu wote. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti nje ya nyumba, nikamwomba wifi yangu afungue bendeji. Kidonda kilikuwa bado kibichi, kipana kama kiganja. Wakala aliangalia mara moja, akasema, "Pole, mzee." Baba, asiyejua lolote, akamshika mkono kwa mkono wake mzima. Kwa ule mdomo uliopinda alimshukuru kwa kumletea binti yake gari, akamwambia wifi achinje ingokho, kuku wa mgeni.

"Baba, huyu si mgeni," nikasema. Nikamweleza yote mbele ya wakala: yadi, maombi, harusi.

Baba alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Nimesikia, mama. Lakini amekaa kwangu. Atakula."

Na yule mtu akala. Nilidhani chakula kitamkwama kooni, lakini alikata obusuma, ule ugali wetu, akachovya mchuzi, na baba alipomsogezea firigisi, kipande ambacho nyumbani kwetu hakuna anayekigusa ila baba, alikichukua akakitafuna. Nilitoka nikaenda nyuma ya jiko nikalia kwa hasira. Wifi alinifuata, akasimama tu karibu nami.

Kabla wakala hajaondoka nilichukua ile fomu, nikaandika betri, spea, jeki, kilomita, gundi na tarehe ya harusi, hadi maneno yakapanda pembeni. Nilimfanya atie sahihi kwanza, fundi akawa shahidi. Baada ya majuma mawili betri mpya, tairi na jeki vilikuja kwa basi. Niliandika barua kwa kampuni anayoifanyia kazi, wakanijibu kwa mistari mitatu ya kuomba radhi. Kazi yake anayo bado. Mwalimu mwenzangu ananiambia nimsamehe, maana gari ni zima.

Ni kweli, ni zima. Baba hupanda nyuma na kunyoosha mguu kwenye kiti. Kidonda kilichukua miezi kufunga, kikaacha kovu linalong'aa. Juzi tukiwa njiani aliniuliza kama nimeshaachana na mambo ya yule mtu. Nikamwambia mguu ni wake, yeye anaweza kusamehe anavyotaka, lakini mimi ndiye niliyepiga magoti, na bado sijamaliza.

Tulikuwa tumefika hospitali, nikateremka kumfungulia mlango.